Baiskeli ya Nani?

Kuna picha moja ya vijana watano na baiskeli moja imeshanigombanisha na watu wa nchi tatu. Vijana wamesimama studio, nyuma yao pazia limechorwa meli na minazi, kana kwamba Tanga meli na minazi mpaka uchorewe. Mashati meupe, mikono imekunjwa, mmoja kavaa kofia kaiweka upande kama anaringa, na wa katikati kashika usukani wa baiskeli. Nyuma ya picha kuna muhuri wa studio umefutika futika na neno moja la penseli, "ukumbusho". Basi. Ukumbusho wa nini, wa nani, hakuna.

Hiyo picha niliikuta kwenye kopo la Nido la bibi yangu, Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, mwaka 2016. Kwa asiyeijua Tanga, mitaa ya Ngamiani mingi haina majina kama ya watu, ina namba, barabara ya nane, ya tisa, ya ishirini, zimepigwa rula toka enzi za wakoloni na wazee wanakwambia jina Ngamiani limetokana na ngamia waliokuwa wakipumzishwa pale. Mi nimekulia hapo, nikaenda Dar kutafuta maisha kama wengine, na kila nikirudi likizo nakuta kitu kimepungua. Mara mlango wa kuchonga umeuzwa, mara mzee wa kahawa kafa, mara nyumba ya udongo yenye baraza ndefu imekuwa fremu ya duka la simu. Ule mwaka niliporudi nikakuta mchwa wameingia chumbani kwa bibi wamekula godoro, wameanza kabati, kopo la Nido ndo limepona kwa sababu ni bati. Ndani picha kama sitini hivi, zingine zimegandana.

Nikazitoa moja moja nikazipanga dirishani nikazipiga na simu. Jioni yake nikaposti hiyo ya vijana na baiskeli kwenye ukurasa wangu nikaandika: "Vijana wa Tanga miaka ya 60, enzi hizo raha tupu!" Nikalala. Asubuhi naamka laiki elfu moja na kitu, watu wanashea, "Tanga yetu", "waja leo waondoka leo", wengine wanalia emoji. Nikajiona mwanahistoria.

Nikiisoma ile kapsheni leo naona aibu. Vijana wa Tanga, nani kasema? Miaka ya 60, kwa ushahidi gani? Raha tupu, nilikuwepo? Nilikuwa nimeandika maneno kumi, na hata moja sikuwa na hakika nalo.

Siku ya tatu ikaanza vita. Bwana mmoja yuko Muscat akakomenti kwamba huyo wa katikati mwenye baiskeli ni marehemu baba yake, na hiyo Raleigh aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza bandarini, nyumbani kwao wameisikia hadithi hiyo maisha yao yote. Haijapita saa mbili dada mmoja wa Leicester, Uingereza, ambaye wazazi wake walihamia huko miaka ya 70, akaandika samahani kaka yangu, huyo ni mjomba wetu alikuwa akipiga tarumbeta bendi, sisi picha zake zingine tunazo. Na kweli akaituma moja. Yule wa Muscat naye akatuma ya kwake. Na mimi niliyekaa katikati nikizitazama zote tatu naona zote zinafanana na zote hazifanani. Watu wakaanza kuchukua upande, matusi yakaingia, mtu akaulizwa kabila lake, ikabidi nifunge komenti.

Nikampelekea bibi simu. Akavaa miwani, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akacheka mpaka kanga ikamtoka begani.

"Mume wangu we, hawa wanagombania baiskeli ya Mhindi?"

Ndo nikaambiwa. Baiskeli ilikuwa ya studio, bibi anasema. Ilikuwa pale kama ilivyokuwa saa ya mkononi isiyotembea, redio isiyo na mashine ndani, miwani meusi, koti la suti ambalo nyuma limekatwa likafungwa na pini limtoshe kila mtu. Unalipa picha, unachagua cha kushika. Matairi hayana hata upepo, anasema, ukitazama vizuri utaona. Na huyo aliyeshika usukani si baba wa yule wala mjomba wa huyu, ni kijana mmoja wa kutoka shamba la mkonge, mtoto wa manamba, wakimwita Sita. Jina lake? "Tulikuwa tunamwita Sita." Lakini jina lake bibi? "Sasa mie nitajuaje jina lake na kila mtu anamwita Sita?"

Hapo ndo nikaanza kuelewa kazi niliyojitwika si ya kuposti picha.

Maana fikiria. Mkonge wenyewe umekuja pwani hii 1893, Mjerumani Richard Hindorf kaagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikafika hai 62, na ndo bibi wa mkonge wote uliotanda Tanga mpaka Morogoro. Mwaka huohuo 1893 reli ikaanza kujengwa kutoka Tanga kupanda bara, Muheza, Korogwe, Mombo, ikafika Moshi 1911. Ukitaka kujua hayo huna haja ya kwenda popote, bando la mia tano linakutosha, yameandikwa kila mahali, idadi ya miche mpaka iliyokufa. Ila waliokata huo mkonge? Walitoka mbali, Wanyamwezi, Waha, Wamakonde, Wabena, Warundi, wenye mashamba mpaka wakaanzisha ofisi nzima ya kuwakusanya 1944, SILABU, na jina walilopewa lilitokana na namba. Manamba. Mtu anafika anaandikwa namba, anapewa kipande, kila siku akimaliza kazi inawekwa alama mpaka zitimie siku thelathini ndo alipwe. Mpaka miaka ya 60 katikati Tanganyika ilikuwa ikitoa karibu tani 230,000 za katani kwa mwaka, inaongoza dunia, halafu kamba za nailoni zikaja bei ikaanguka na mashamba mengi mpaka leo ukipita na basi unaona miti mirefu ya maua ya mkonge imesimama kwenye vichaka. Tani tunazijua. Sita hatumjui.

Na si kwamba picha hakuna. Mtu akikwambia historia yetu haina picha mwambie akatafute vizuri. Kuna maktaba ya chuo kikuu Frankfurt imeweka mtandaoni makumi ya maelfu ya picha za chama cha kikoloni cha Kijerumani, na 2008 hifadhi ya taifa ya Ujerumani ilitoa picha zaidi ya elfu themanini bure zikawekwa Wikimedia Commons, ndani yake zimo za Walther Dobbertin aliyekuwa mpigapicha huku enzi hizo, askari wamepanga mistari, mitaa, meli, treni. Usiku mwingi nimekaa nazitazama na bando linakata. Picha kali, mimi mwenyewe nimezishusha nyingi. Ila soma maelezo yake. Bwana mkubwa ana jina na cheo, meli ina jina, jengo lina jina. Halafu "askari", "boi", "mwanamke wa Kiswahili", "soko". Kamera imemtazama mtu usoni mpaka unaona kovu la ndui na haikumuuliza anaitwa nani.

Vita vya Tanga vya Novemba 1914 hivyohivyo. Waingereza wameshusha kikosi cha kama watu elfu nane kutoka India, wakapigwa na jeshi la kama watu elfu moja la kamanda wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck, nyuki wakatoka mizingani wakawatimua wote wawili, na dunia nzima inajua habari ya nyuki. Kweli, ukitafuta Tanga kwenye intaneti kwa Kiingereza nyuki wanakuja kabla ya watu. Jeshi hilo la "Wajerumani" wengi wao walikuwa askari weusi, watu wa huku huku. Mimi sijawahi kukutana na familia Tanga ikanionyesha picha ikasema huyu hapa babu yetu alikuwa siku ile. Labda zipo, kwenye makopo.

Basi nikaanza kumrekodi bibi. Kila likizo, jioni baada ya kula, simu juu ya kinu, yeye anachambua mchele mi nauliza. Rekodi zangu zote zina jogoo, zina adhana, zina mtu anapiga hodi na bibi anamjibu karibu halafu hadithi inahama njia moja kwa moja na hairudi. Mwanzoni nilikuwa nakasirika. Siku hizi nadhani hao waliopiga hodi ndo waliokuwa wakimkumbusha mambo, maana akiingia shoga yake mmoja tu wa barabara ya kumi, bibi anakuwa mtu mwingine, wanabishana, na katika kubishana yanatoka majina ambayo peke yake asingeyasema.

Kuhusu miaka nilijifunza kutouliza "mwaka gani". Bibi mwaka alikuwa haujui, wala hauhitaji. Unauliza ilikuwa kabla ya Azimio au baada, wakati wa unga wa njano au bado, kabla ya Kagera, mwaka ule majumba ya Wahindi yalipotaifishwa. Hilo la mwisho ni 1971, sheria ya kutwaa majengo, nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja zikachukuliwa na serikali, na baada yake wenye studio, wenye maduka, wengi wakafunga wakaenda Uingereza na Canada. Kwa hiyo bibi akisema picha ile ilipigwa "Mhindi bado yupo na katani bado ina bei" mi nina pa kuanzia, ni kabla ya 1971, pengine kabla ya Azimio la 1967. Studio yenyewe imekuwa duka la vifaa vya pikipiki. Negativu zake nasikia zilikaa stoo miaka, kisha zikachomwa na takataka. Negativu za mji mzima, za ndoa, za watoto wa siku arobaini, za pasi za kusafiria.

Kuna mambo ya bibi niliyafurahia kwa sababu yalikuwa yanaungana na vitu nilivyosoma bila yeye kujua. Kwa mfano watu wanapenda kusema muziki wa Tanga ulitoka tu, kama upepo wa bahari. Bibi anakwambia nenda kaulize mkonge. Manamba walikuja na ngoma zao, wakalipwa, wakashuka mjini Jumamosi, wakanunua magita. Jamhuri Jazz kabla haijawa Jamhuri ilikuwa Young Nyamwezi, na jina hilo peke yake linakueleza walioanzisha walitoka upande gani. Atomic nao, Amboni Jazz nao. Na upande wa taarab Black Star na Lucky Star, ambao waliingiza gita na mdundo mpaka wazee wa Unguja wakanuna wakasema hiyo si taarab, na kwenye vikundi hivyo ndo alikoimba Shakila Saidi, mtoto wa Pangani, aliyefariki 2016. Bibi aliwahi kumtunza. Aliniambia alimtunza shilingi mbili na kesho yake nyumbani hakuna mafuta ya taa, na babu hakusema neno kwa sababu yeye alitunza tano.

Lakini taarab ndo ilinitia kwenye kesi nyingine. Kwenye kopo kulikuwa na picha ya wanawake wanne kwenye harusi, wamejipamba, hawana buibui, mmoja kainua mkono anacheza na anacheka mdomo wazi. Picha nzuri kupita zote, nikaiposti, safari hii nikaandika majina kama alivyonitajia bibi. Nilijua nimefanya vizuri. Usiku nikapigiwa simu na mtoto wa mmoja wao, mtu mzima, ana heshima zake msikitini. Hakunitukana. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, mama yangu alihiji, akafa na hijabu yake. Wewe umemtoa nje." Nikaifuta palepale. Lakini ilikuwa imeshasheaiwa, nikaiona wiki ya pili kwenye ukurasa mwingine kabisa, wamekata majina, wameandika "Wanawake wa Mombasa 1950", na wamegonga nembo yao katikati ya kifua cha yule mama.

Hilo nalo ni ugonjwa. Kuna kurasa zinaishi kwa picha za zamani, hawaulizi, hawataji, wanajua tu ukiweka picha nyeusi na nyeupe na neno "enzi" watu watalia. Nimeona boma la Tanga limeandikwa Bagamoyo. Nimeona magofu ya Tongoni, yale makaburi ya nguzo yapo kusini ya mji, makaburi kama arobaini, mahali penyewe ndo Mtangata ambako Vasco da Gama meli yake moja ilikwama 1498 na mwaka uliofuata wakaichoma moto maana mabaharia wamepungua, nimeona yameandikwa Kilwa na watu mia nane wamekubali "masha Allah Kilwa yetu". Ukirekebisha unaambiwa una roho mbaya.

Nikarudi kuwaza nilivyofundishwa chuoni utotoni. Ustadhi wetu alikuwa ukimwambia "Mtume kasema" anakuuliza, kutoka kwa nani? Fulani kasikia kwa fulani, fulani kwa fulani, mnyororo mpaka juu, na akiwemo mmoja muongo mnyororo wote umekatika. Isnadi. Mtoto wa miaka tisa nilikuwa naiona ni usumbufu. Sasa picha zangu zote nimezipa isnadi. Siandiki tena "huyu ni fulani". Naandika: kwa kauli ya bibi mzaa mama, jirani wa studio, kasema Disemba 2017, kamuona mwenyewe. Au: kwa kauli ya mtoto wa mhusika, kasikia nyumbani, hakuwepo. Wakipingana naandika wote wawili chini ya picha moja, na wala siamui. Ile ya baiskeli ikawa na kauli tatu, ya Muscat, ya Leicester, na ya bibi. Na kauli ya bibi, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa na macho yake pale, niliiweka juu.

Kwenye kuhifadhi nimepigwa sana, nitasema kwa kifupi maana kila mtu amepigwa. Picha ukizipitisha kwenye grupu la familia zinarudi zimekonda, mtu hana macho. Fleshi iliingia virusi kwenye intanetikafe ikanionyesha mafolda kumi na moja matupu. Ukurasa wangu wa kwanza, miaka miwili ya kazi na komenti zote, uliibiwa na mtu anayeuza dawa za nguvu, nikaandika kwa wahusika, wakanijibu kwa mashine. Komenti ndo ziliniuma, picha ninazo, ila zile "huyo nyuma ni mwalimu wetu wa Chumbageni" zote zimekwenda. Na 2020 nikiwa kwenye daladala simu ikachomolewa mfukoni na rekodi ya dakika hamsini ya bibi akiimba nyimbo za wakata mkonge, kwa Kinyamwezi asichokielewa, anaimba tu kama alivyosikia. Nilikuwa sijainakili popote, nilisema nitainakili wikiendi.

Ukijisikia vibaya kumbuka na wakubwa yanawakuta, British Library ya London Oktoba 2023 ilivamiwa na wezi wa mtandao, mkusanyiko wao wa kidijitali ukazimika miezi. Sasa mimi na fleshi ya elfu kumi na tano. Siku hizi naweka sehemu tatu, nyumbani kwangu, kwenye akaunti ya mtandaoni ambayo imekaribia kujaa, na diski kwa binamu yangu Korogwe ambaye hana habari ndani kuna nini. Na majina nayaandika pia kwenye daftari, kalamu ya wino, kwa sababu daftari halisahau nywila.

Wengine wananiuliza kwa nini nisifungue tovuti kubwa ya maana. Mwaka 2018 nilikuwa nataka kweli, ndo zikaja zile kanuni za maudhui ya mtandaoni, ada ya leseni milioni moja, na kila mwaka milioni nyingine, kwa mtu anayeposti picha za bibi zake. Zilikuja kulegezwa baadae ila hamu ilikuwa imekata. Nilienda pia kwenye boma la zamani pale ambapo Urithi Tanga wana makumbusho yao, nikatazama picha ukutani taratibu, nikafurahi kwamba kuna mahali mtoto wa shule anaweza kuingia akaona. Nikatoka nikasema hii ya kwangu ni ya kwenye kopo, iendelee kuwa ya kwenye kopo.

Bibi alifariki 2021. Siku ya arobaini nyumba ikafagiliwa kama nyumba zinavyofagiliwa, shangazi zangu wana haraka, godoro nje, mikeka nje, na kopo la Nido nikalikuta juu ya rundo pamoja na sufuria zilizotoboka. Shangazi mkubwa akaniambia, "Si ulishazipiga na simu zote?" Nikachukua kopo, na nauli yangu ya kurudi Dar nusu nikaiacha kwenye duka la stesheneri pale Ngamiani, wanaskani picha moja mia tano, nikamwomba kijana aweke kiwango cha juu kabisa mpaka kompyuta yake ikagoma mara mbili.

Idi iliyopita nikabeba laptopu kwenye baraza la kahawa. Wazee sita, kashata, kahawa chungu, bao limeachwa katikati. Nikawafungulia ya vijana watano na baiskeli, sasa iko safi, kubwa, unaona mpaka vifungo. Nikawasomea kauli zote tatu kwa mpangilio, Muscat, Leicester, marehemu bibi. Wakasikiliza kimya kama kwenye khutba. Kisha mzee mmoja aliyekuwa hajasema kitu, fundi baiskeli wa zamani na hili ni jiji la baiskeli kwa hiyo ni cheo, akasema, "Ami, hebu kuza hapo chini ya kiti."

Nikakuza.

"Hicho kibati."

Kweli kulikuwa na kibati kidogo. Wakati ule, akaeleza, baiskeli ilikuwa na leseni, unalipa kila mwaka unapewa kibati cha namba unakifunga, askari wa manispaa akikukuta huna anaibeba. Wote wakaitika, wawili wakaanza kuhadithia walivyokimbizwa. "Sasa," akasema fundi, "baiskeli ya kupigia picha, haitoki ndani, haina upepo kama asemavyo bibi yako Mungu amrehemu, ina kibati cha nini? Na matairi hayo yana upepo. Mie matairi nayajua. Hiyo baiskeli imekuja inatembea."

Baraza likalipuka. Mmoja akasema Mhindi yule alikuwa muoga wa serikali, angelilipia leseni hata farasi wa mbao. Mwingine akasema bibi yangu aliwahi kuchumbiwa na mmoja wa hao vijana, ikavunjika, na mwanamke akivunjiwa hawezi kukuachia baiskeli. Nikamuuliza yupi? Akasema huyo wa kofia. Wa tano akasema si huyo. Mi nimekaa na laptopu mapajani, bibi yangu ambaye kauli yake niliiweka juu ya zote, sikuwahi kumuuliza yeye alikuwa nani kwa watu hawa watano na kwa nini picha yao ilikaa kwenye kopo lake miaka hamsini.

"Kuza namba," fundi akasema. Nikakuza mpaka ikawa viboksi vyeupe na vyeusi. Ya kwanza ni 4 au ni 1. Ya mwisho mmoja akasema 6, wengine wakacheka. Ikaadhiniwa alasiri wakainuka wakajikung'uta.

Usiku nikabadilisha maelezo ya ile picha, ni mara ya sita. Kauli zimekuwa tano. Nimeongeza: kibati cha leseni kipo, namba haisomeki, fundi baiskeli, barazani, Idi. Ya bibi bado ipo, ila nimeishusha ikawa ya pili, na mbele ya "kamuona mwenyewe" nimeandika "inasemekana alichumbiwa na mmoja wao". Shangazi mkubwa keshapiga simu mara mbili toka asubuhi, sijapokea.